Kukusanya Vifaa vya Ibada vya Wicca Ukiwa Uganda: Mwongozo kwa Anayeanza

Mtu anayeanza kufuata Wicca, dini yenye asili ya Uingereza, akiwa Kampala, Jinja au Mbarara hukutana mapema na orodha ya vifaa iliyoandikwa na mtu wa Ulaya au Marekani, kwa ajili ya msomaji ambaye duka la mambo hayo liko mtaa wa pili kutoka kwake: kisu cha mpini mweusi, kisu cha mpini mweupe, kifimbo, kikombe, pentakli, chetezo, chungu cha chuma, upanga, kamba, kengele na ufagio. Akitazama bei kwenye intaneti na kujumlisha gharama za kusafirisha, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, anaweza kukata tamaa kabla hajawasha mshumaa hata mmoja. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvipata vifaa hivyo hapa hapa Uganda, kwa utaratibu upi na kwa nani, pamoja na vile unavyopaswa kuviacha sokoni hata kama vinapendeza macho.

Shauri langu kuu nalitoa mapema, kwa kuwa hatua zote zinazofuata zinalitegemea: nunua kitu cha kawaida, kwa muuzaji wa kawaida, kimoja kimoja, na kila kimoja baada ya kukihitaji. Kitu kinachouzwa kikiwa kimeshapewa jina la kiibada huwa ghali, huchelewa kufika, na katika nchi yetu kinaweza kukuletea maswali ambayo kijiti cha mpera na kikombe cha udongo havitakuletea.

Hatua ya kwanza: Jua kila kifaa kina kazi gani

Wicca ni dini changa. Iliwekwa hadharani nchini Uingereza na Gerald Gardner baada ya sheria ya zamani ya nchi hiyo dhidi ya uchawi kufutwa mwaka 1951, na kitabu ambacho ndani yake aliieleza kama dini iliyo hai kilitoka mwaka 1954. Gardner alikuwa ameishi Asia kwa miaka mingi, akafanya kazi ya ukaguzi wa forodha huko Malaya, na mwaka 1936 alichapisha kitabu kuhusu kirisi, yaani kisu cha Wamalay, na silaha nyingine za watu hao. Anayelijua hilo hashangai kuona kisu kimetangulia vifaa vingine vyote, na anaweza kupima mwenyewe ni kipi katika orodha ile kinatokana na haja ya ibada, na kipi kinatokana na mapenzi ya mtu mmoja pamoja na vitabu vya kale vya Ulaya alivyovisoma.

Vifaa vikuu ni vinne. Athame, ambayo ndiyo kisu cha mpini mweusi, hutumika kuelekeza nguvu na kuchora duara la ibada hewani, na kwa kawaida haikati kitu chochote. Kifimbo hufanya kazi inayokaribiana na hiyo, ila kwa upole zaidi, kama mtu anayekaribisha mgeni badala ya kumwamuru. Kikombe hubeba maji, divai au maji ya matunda. Pentakli ni sahani bapa iliyochorwa nyota ya pembe tano ndani ya mviringo, na juu yake huwekwa chumvi, mkate au kitu kinachowekwa wakfu. Vinne hivi hulinganishwa na elementi nne. Kwamba kikombe ni cha maji na pentakli ni ya ardhi, karibu wote wanakubaliana. Athame na kifimbo ndivyo vinavyogombaniwa, kwa kuwa wapo wanaoipa athame moto na kifimbo hewa, na wapo wanaofanya kinyume chake. Chagua mpangilio mmoja uushike, kwa sababu kubadilisha kila mwezi kutakuchanganya wewe kuliko kitu kingine chochote.

Vingine ni wasaidizi. Upanga na mjeledi, ambavyo vimo katika orodha za mwanzo, ni vya makundi yenye taratibu za kuingiza wanachama kwa ngazi, na mtu anayefanya ibada peke yake chumbani hana kazi navyo.

Hatua ya pili: Lipime neno na uijue sheria

Kiswahili kimeweka ukuta kati ya mchawi na mganga: mmoja hudhuru kwa siri, mwingine huponya au hudai kuponya. Luganda nacho kinapomwita mtu omulogo hakimsifu. Neno la Kiingereza witch, ambalo wafuasi wa Gardner walilichukua kwa fahari, halina ukuta huo, na ukilitafsiri moja kwa moja mbele ya fundi au jirani, utakuwa umejitangaza kuwa mtu anayeroga watoto wa watu. Kwa hiyo usilitumie. Unaponunua huna haja ya kusema uongo wala kutoa mahubiri. Inatosha kusema kwamba ni kitu cha kuweka mezani nyumbani, au cha sala zako, jambo ambalo ni kweli na ambalo kila Mganda, awe Mkatoliki, Mwislamu au Mlokole, analielewa.

Kisheria hali si mbaya kama wengi wanavyodhani, lakini si ya kuchezewa. Ibara ya 29 ya Katiba ya 1995 inalinda uhuru wa kufuata dini yoyote. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1957 inaadhibu vitisho na madhara yanayodaiwa kufanywa kwa uchawi, na yenyewe inasema kwamba uchawi hauhusishi ibada ya mizimu inayofanywa kwa nia njema, wala utengenezaji na uuzaji wa dawa za kienyeji kwa nia njema. Mwaka 2021 ikapitishwa pia sheria maalumu dhidi ya kafara ya binadamu, baada ya miaka mingi ya visa vya watoto kuuawa vilivyoitia nchi hofu. Hofu hiyo ndiyo ya kuzingatia zaidi, kwa kuwa umati wenye hasira hausubiri wakili asome ibara.

Kutokana na hilo kuna vitu ambavyo havipaswi kuingia nyumbani mwako kabisa: mfupa wa aina yoyote usiojulikana asili yake, fuvu hata liwe la plastiki, nywele za mtu mwingine, kitu chenye doa la damu, na picha ya mtu aliye hai uliyoichoma sindano au kuifunga kamba. Ngozi, pembe na manyoya ya wanyama pori nayo yaache, kwa kuwa yanalindwa na sheria ya wanyamapori, na unyoya wa korongo taji ulioonekana mzuri barabarani unaweza kukugharimu kuliko madhabahu yote. Ukihitaji unyoya wa kuwakilisha hewa, wa jogoo unatosha sana.

Hatua ya tatu: Anza na vilivyomo ndani ya nyumba

Kwa mwezi wa kwanza usinunue kitu. Tafuta meza ndogo, stuli pana au hata kreti la soda lililogeuzwa, ulifunike kwa kitambaa safi, kisha uweke juu yake glasi ya maji, kisahani cha chumvi, mshumaa mmoja mweupe na kijiti cha udi. Hapo una maji, ardhi, moto na hewa, na una madhabahu kamili. Fanya ibada zako kwa vitu hivyo mwezi mpevu upite na mwezi mwandamo upite, ukiandika katika daftari ni wapi mkono wako ulitafuta kitu ukakikosa. Daftari lenyewe ndilo mwanzo wa kile ambacho Wawicca hukiita Kitabu cha Vivuli, na daftari la shule lenye kava gumu linafaa kuliko lile la ngozi ambalo utaogopa kulichafua.

Kitambaa kinahitaji maneno machache. Wapo watakaokushauri utumie lubugo, nguo ya magome ya mutuba ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005, na ambayo unaweza kuiona ikitengenezwa huko Mpigi au kuinunua katika maduka ya sanaa pale Buganda Road. Ni kitu kizuri mno, na kinauzwa wazi kwa watalii. Hata hivyo nchini Buganda lubugo lina kazi zake: huwafunika wafu, huvaliwa kwenye utawazo wa Kabaka, na limo katika kila ssabo, yaani hekalu la mizimu. Chumba chenye lubugo na moshi, akichungulia jirani, hakitakuwa Wicca machoni pake. Kitakuwa ssabo, na yeye hatakuwa amekosea kusoma alama za utamaduni wake. Mimi hutumia kitenge cha rangi moja, ambacho nikikikunja kinarudi kuwa kitenge.

Juu ya mahali pa kuelekeza madhabahu, vitabu vya Waingereza huweka ardhi kaskazini, hewa mashariki, moto kusini na maji magharibi, kwa sababu kwao jua la mchana hukaa kusini. Kwetu, ambako mstari wa ikweta unakatiza barabara ya Masaka pale Kayabwe, jua hupita utosini, nusu mwaka likiegemea kaskazini na nusu mwaka kusini, na mtu wa Kampala ana ziwa Nnalubaale (Victoria) upande wa kusini, si magharibi. Dira iliyomo kwenye simu itakuonyesha pande zote nne. Kuzifuata kama zilivyoandikwa au kuzipanga kwa kuangalia maji na milima iliyokuzunguka ni uamuzi wako, nami nimeona watu makini wakifanya yote mawili.

Hatua ya nne: Kisu

Hiki ndicho kifaa ambacho wengi hukikosea, nami nilikuwa mmoja wao. Niliagiza athame kutoka nje, ikakaa forodhani wiki kadhaa, nikalipa zaidi ya bei yake, na ilipofika nikakuta ni bati lililopakwa rangi, lenye mpini uliolegea. Tangu hapo nimeamini kwamba kisu cha ibada kinapaswa kutoka kwa mtu unayeweza kumrudia.

Njia bora ni kumwendea mhunzi. Mtaa wa Katwe wa Kampala unajulikana kwa mafundi wa chuma, na karibu kila mji una eneo lake la mafundi wa namna hiyo, ambao hufua visu na panga kutoka springi za magari yaliyochakaa. Chuma cha springi ni kizuri, kigumu na hakipindi ovyo. Chora kwenye karatasi, kwa ukubwa halisi, kisu chenye ubapa wa urefu wa kiganja au zaidi kidogo, makali ya pande mbili na ncha katikati, kisha mwelekeze fundi asikinoe. Fundi atashangaa, kwa kuwa hakuna anayekwenda kwake kuomba kisu butu, lakini mweleze kwamba ni cha kuweka mezani na kwamba kuna watoto nyumbani. Kisu butu kinatimiza kazi zote za athame, na kikikutwa ndani ya begi kinazua maneno machache zaidi.

Mpini uwe wa mti mgumu, uliokazwa kwa ribiti mbili, si kwa gundi pekee. Rangi nyeusi unaweza kuipata bila rangi ya dukani, kwa kuubabua mpini polepole juu ya makaa ya sigiri hadi uso wake uwe mweusi, kuufuta kwa kitambaa kikavu, na kuupaka mafuta ya nta ya nyuki mara mbili au tatu. Nta hiyo huuzwa na wafugaji wa nyuki, na ile inayotoka West Nile pamoja na asali yake hupatikana hata Kampala.

Kuna agizo la zamani linalosema kwamba kifaa cha ibada kinunuliwe bila kupunguza bei. Walioandika agizo hilo bila shaka hawakuwahi kufika soko la Owino, Kampala, ambako bei ya kwanza si bei bali ni salamu. Ukilishika agizo kwa herufi zake utalipa mara mbili, na muuzaji atakuona mgeni. Ninavyofanya ni kuuliza bei kwa mafundi watatu siku tofauti bila kununua, nikaijua bei halali, kisha nikamrudia yule ambaye bei yake imenikaa moyoni na kumlipa alichosema, bila mjadala. Kwa hiyo agizo linatimia na mfuko unasalimika.

Siku ya kukichukua, kifunge kisu ndani ya gazeti na kaveera (mfuko wa plastiki) au kitambaa, ukiweke chini kabisa ya begi, na uende moja kwa moja nyumbani. Usipitie benki, jengo la maduka wala kanisani, kwa kuwa tangu mashambulizi ya mabomu ya Julai 2010 walinzi wa milangoni Kampala hupekua mabegi, na hakuna maelezo ya athame yatakayomridhisha askari mwenye kifaa cha kupima chuma mkononi. Kwa sababu hiyo hiyo usiibebe kwenda kufanya ibada kwenye bustani au kando ya ziwa. Huko tumia kifimbo au kidole chako cha shahada.

Kisu cha mpini mweupe, kinachotumika kukatia majani na kuchongea mishumaa, hakihitaji safari yoyote. Kisu kidogo cha jikoni, kipya, kilichotengwa kwa kazi hiyo peke yake, kinatosha.

Hatua ya tano: Kifimbo

Kifimbo hakinunuliwi. Orodha za Ulaya zitakutajia miti ambayo haioti kwetu; kwetu mpera ni mgumu, umenyooka na una gome linalobanduka vizuri, na tawi la kahawa lililokatwa wakati wa kupogoa ni gumu vilevile na linapatikana bure kwa mkulima yeyote wa Masaka au Mbale. Urefu wa kawaida ni kutoka kwenye kiwiko chako hadi ncha ya kidole cha kati, na unene ni wa kidole gumba au pungufu kidogo.

Mwombe mwenye mti kabla ya kukata. Pia mwombe mti wenyewe, ukitaka, kama Wicca inavyoshauri, lakini ruhusa ya mwenye shamba ndiyo itakayokuepusha na polisi wa kijiji. Afadhali zaidi uokote tawi lililoangushwa na upepo. Epuka mnyaa na jamii yake, kwa kuwa utomvu wake mweupe ukiingia machoni ni hatari, na epuka oleanda ya bustani, ambayo ni sumu kila sehemu.

Zaidi ya yote, usikate hata kijiti kwenye miti inayoabudiwa. Mti wa Nakayima ulioko kwenye kilima cha Mubende, na miti ya maporomoko ya Ssezibwa, si mali ya msitu usio na mwenyewe. Ni mahali ambapo watu huleta nadhiri zao hadi leo, wakiwa na walezi wao na miiko yao. Mtu wa Wicca akipita hapo aende kama mgeni, avue viatu akiambiwa avue, na arudi mikono mitupu. Ushauri huu unahusu pia mayembe (pembe za mizimu), kiko cha ssabo na simbi za kupigia ramli ambazo utaziona zikiuzwa kwa wenye dawa sokoni. Vitu hivyo vina dini yake, iliyokuwapo kabla Gardner hajazaliwa, na kuvipanga kwenye madhabahu ya Wicca kwa sababu vinaonekana vya kale ni sawa na kuweka ekaristi kwenye sahani ya chai.

Baada ya kukata, kiache kijiti na gome lake mahali penye kivuli na hewa kwa wiki sita hivi, kwa sababu kikikaushwa juani hupasuka. Kisha menya gome, kisugue kwa msasa kuanzia ule wa kukwaruza hadi ule laini, na ukipake mafuta ya ufuta au nta. Nakshi si lazima. Nimeona vifimbo vilivyochongwa nyota na nyoka kutoka chini hadi juu, na wenye navyo walitumia muda mwingi kuvionyesha kuliko kuvitumia.

Hatua ya sita: Kikombe na pentakli

Kikombe cha udongo cha mfinyanzi wa hapa ni kizuri, lakini udongo usiopakwa glezi hunyonya maji na kuvuja. Kabla ya kukitumia, kichemshie uji mwepesi wa unga ndani ya sufuria kikiwa kimezama, ukiache kipoe humo humo, kisha kioshe. Wanga huziba vitundu. Kikombe cha shaba kutoka maduka ya Wahindi kinapendeza, ila kisiwekewe divai wala maji ya limau au passion, kwa kuwa asidi huyeyusha shaba na kuitia kwenye kinywaji. Kibuyu kidogo nacho kinafaa, kikiwa kimesafishwa ndani hadi uchungu uishe. Ukiwa na bilauri ya mguu uliyozawadiwa harusini, huna haja ya kutafuta zaidi.

Pentakli ni kifaa rahisi kuliko vyote. Mwombe seremala kipande cha mbao cha mviringo kipana kama sahani ya kikombe, kilichobaki kwenye kazi yake. Wengi hukitoa bure. Chora nyota kwa penseli na bikari, ukigawa mviringo sehemu tano za nyuzi 72 kila moja, halafu ichome kwa msumari uliopashwa moto na kushikwa kwa koleo. Ncha moja ielekee juu. Jirani akiuliza, nyota ni nyota, na wapo wengi wanaoitundika Krismasi.

Hatua ya saba: Chetezo na ubani

Hapa Uganda tuna bahati. Wasomali wa Kisenyi, Kampala, huuza ubani, unsi (mchanganyiko wa manukato ya kufukiza) na vyetezo vya udongo ambavyo wao huviita dabqaad. Wanubi wa Bombo nao hufukiza nyumba zao tangu enzi, na ukiuliza kwa adabu utaelekezwa. Hakuna atakayekutazama mara mbili unaponunua ubani, kwa kuwa Waislamu, Wakatoliki na wenye ssabo wote huuchoma. Nunua kidogo kwanza, uuchome, uone kama kifua chako kinauvumilia.

Jaza chetezo mchanga mkavu hadi nusu ili kisipasuke kwa joto, kisha weka juu yake kipande kimoja cha kaa la moto kutoka kwenye sigiri na punje mbili tatu za ubani. Fungua dirisha. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na kila mwaka kuna watu wanaolala na sigiri ndani wasiamke. Ibada haikulindi na hilo. Kaa likizimika kwenye mchanga, limwagie maji nje kabla ya kulala. Ukipanga chumba ambamo hata moshi haukubaliki, bakuli la majani makavu ya mujaaja au mchaichai yaliyosuguliwa kwa vidole hutoa harufu ya kutosha.

Kengele, kamba na ufagio ni vya kuongeza baadaye, na vyote vipo katika soko lolote. Chungu cha chuma kinaweza kusubiri zaidi. Sufuria nzito yenye mchanga hubeba moto mdogo vizuri.

Hatua ya nane: Kusafisha na kuweka wakfu

Kila kifaa kipya kinafika kikiwa kimeshikwa na mikono mingi, kwa hiyo kianze kwa sabuni na maji ya kawaida. Baada ya hapo pitisha kwenye elementi nne: kinyunyizie chumvi kwa ajili ya ardhi, kipake tone la maji, kipitishe juu ya mwali wa mshumaa bila kukiunguza, na kipitishe kwenye moshi wa ubani, ukisema kwa maneno yako mwenyewe kwamba unakitenga kwa ibada na kwa ajili ya wema. Maneno ya Kiswahili, Luganda au Runyankole yanafaa kuliko Kiingereza cha kukariri ambacho ulimi unajikwaa.

Chumvi ya mawe inayochimbwa kwenye ziwa la volkeno la Katwe, wilayani Kasese, ni chaguo langu kwa kazi hii. Ni chumvi ya nchi hii, iliyotolewa majini kwa mikono ya watu, na huuzwa kwa vipande vikubwa unavyoweza kuvisaga mwenyewe. Itumie kwa ibada, usiitie kwenye chakula, kwa kuwa ina madini mengine mengi. Angalizo la lazima ni juu ya chuma: vitabu vingine hushauri kukizika kisu katika chumvi usiku kucha, na ukifanya hivyo katika unyevu wa Kampala utakikuta asubuhi kimeshika kutu. Punje chache kwenye ubapa kwa dakika moja zinatosha, kisha kifute kikauke kabisa na ukipake mafuta.

Usiku wa mwezi mpevu unaweza kuviweka vifaa dirishani vipate mwanga wake. Viweke ndani ya dirisha lenye vyuma, si uani. Vitu vilivyopangwa uani usiku wa manane vina namna mbili tu za kuishia, mwizi au uvumi.

Hatua ya tisa: Kuhifadhi

Nunua sanduku la bati lenye kufuli, la aina wanayobeba wanafunzi wa bweni. Ndani yake funga kisu katika kitambaa chenye mafuta, kikombe katika kitenge cha madhabahu, na ubani ndani ya chupa ya jemu iliyofungwa, la sivyo panya na unyevu wa msimu wa mvua wataumaliza. Weka kifuko cha mchele mkavu kwenye kona kivute unyevunyevu, ukibadilishe kila mwezi mwandamo, wakati ambapo utakuwa unakagua kutu na kupaka nta upya.

Ukiwa unaishi na mwenzi, ndugu au msichana wa kazi, mwambie mapema, kwa maneno machache, kwamba ndani ya sanduku kuna vitu vya sala zako, na mfungulie aone mara moja. Aliyekwisha kuona kijiti, kikombe na kisahani hana la kubuni, na siku mwenye nyumba atakapouliza ule moshi wa ubani ni wa nini, atakuwa na jibu kabla hujarudi kazini.